Barua kwa mpwa: fedha za kampuni na matunzo ya mtalaka

Kwa Mpwa, msimamizi wa kampuni ya familia, Morogoro.



Kampuni haioi wala haitoi talaka, na kwa hiyo haina mtalaka wa kumtunza. Mpwa ameuliza, kwa adabu na kwa haki, kama shilingi 2,000,000 ambazo kaka yake mkubwa ameagiza zitoke kila mwezi katika akaunti ya kampuni kwenda kwa aliyekuwa mkewe zinaweza kuhesabiwa kuwa gharama ya biashara, ili faida inayotozwa kodi ipungue. Jibu la mjomba, ambaye ni mjomba wa wote wawili na hana upande katika yaliyoivunja nyumba ile, ni kwamba haziwezi kwa namna zinavyoandikwa sasa, ingawa ziko njia za halali ambazo fedha hizo hizo zinaweza kumfikia mama wa watoto bila mpwa kutia saini yake chini ya maneno asiyoweza kuyatetea.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambayo ni Sura ya 332 ya sheria za Tanzania, inamruhusu mfanyabiashara kutoa katika mapato yake matumizi yale tu yaliyofanywa yote, na kwa ajili hiyo pekee, katika kuzalisha mapato hayo. Sheria hiyo hiyo inakataza kutoa matumizi binafsi, yaani fedha anazotumia mtu kujitunza mwenyewe, kuitunza familia yake, au kukidhi haja nyingine yoyote ya kinyumbani. Matunzo ya mtalaka yanaangukia humo moja kwa moja, na haijalishi kama yametokana na makubaliano ya wazee au na hukumu iliyopigwa mhuri, kwa kuwa amri ya mahakama humlazimisha mtu kulipa lakini haibadilishi sababu ya malipo. Sababu hapa ni ndoa iliyokwisha, na ndoa ile haikuwa sehemu ya kazi ya kampuni, ambayo ni kusaga mahindi na kuuza saruji. Lau duka na mashine vingekuwa bado chini ya jina la kaka mwenyewe, bila kampuni, jibu lingekuwa lile lile, ila hesabu yake ingekuwa fupi zaidi, kwa maana angekuwa amechota tu kutoka mfukoni mwake.

Inafaa mpwa atenganishe mambo ambayo watu wa nyumbani huyachanganya wanaposema kwa jumla kwamba fulani "anadaiwa na mkewe". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja, na huo ni mgawanyo. Inaipa pia uwezo wa kuamuru matunzo, ambayo baada ya talaka mahakama huyaamuru kwa sababu maalumu na ambayo hukoma mtalaka anapoolewa tena. Matunzo ya watoto ni haki ya watoto wenyewe, nayo hayakomi kwa sababu mama yao ameolewa. Kwa Waislamu huongezeka masurufu ya eda, mahari yaliyobaki na kitoka nyumba, yaani zawadi ya kuagana. Kila kimojawapo ni deni la mtu aliyeoa. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinakubalika kuwa mchango katika kuchuma mali, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu katika rufaa ile, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe alikuwa amezitapanya. Uamuzi huo unatajwa hapa kwa sababu aliyekuwa shemeji wa mpwa anayo hoja nzito, na hakuna katika barua hii neno linalokusudia kumpunguzia haki yake. Kinachojadiliwa ni mfuko upi ulipe, na chini ya jina gani.

Katika nakala za hati za malipo alizotuma mpwa, kila mwezi pameandikwa "ada ya ushauri wa masoko", kiasi, tarehe, saini ya kaka katika nafasi ya aliyeidhinisha na saini ya mpwa katika nafasi ya aliyeandaa. Hakuna mkataba wa ushauri, hakuna ankara wala risiti ya kielektroniki kutoka kwa mshauri, hakuna ripoti hata ya ukurasa mmoja, na kiasi hakipandi msimu wa mavuno wala hakishuki kiangazi, jambo ambalo kwa biashara ya unga ni ajabu. Mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato hahitaji kujua habari za familia ili aitilie shaka hati kama hiyo. Ataomba mkataba na kazi iliyofanyika, na akikosa vyote viwili ataifuta gharama yote.

Kufutwa kwa gharama ni mwanzo tu wa hesabu. Malipo ya mwaka mzima ni shilingi 24,000,000, na kwa kuwa kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida, kodi inayorudi ni shilingi 7,200,000. Kisha inaingia kanuni ya malipo yasiyo ya moja kwa moja, ambayo humpa Kamishna uwezo wa kumhesabu mtu kuwa ndiye aliyepokea fedha, hata kama ziliingia katika akaunti ya mwingine, pale anapoonekana kunufaika nazo au kuelekeza apewe nani. Kaka alielekeza, na aliyenufaika ni yeye, kwa kuwa deni lake limepungua. Fedha inayomfikia mwanahisa kutoka kwenye kampuni bila yeye kutoa kitu cha thamani hiyo huhesabiwa kuwa mgawanyo wa faida, ambao kwa lugha ya kila siku ni gawio, hata kama bodi haikukaa wala haikutangaza chochote. Gawio la kampuni isiyoorodheshwa katika soko la hisa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, maana yake kodi ambayo mlipaji huikata kabla ya kumkabidhi mpokeaji na kuipeleka serikalini yeye mwenyewe. Na kampuni isiyokata hudaiwa kana kwamba ilikata. Hapo inaongezeka shilingi 2,400,000. Jumla ni shilingi 9,600,000 kwa mwaka mmoja, kabla ya riba ya ucheleweshaji na kabla ya adhabu ya maelezo ya uongo, ambayo huwa kali zaidi kwa aliyejua anachokiandika. Mpwa alijua.

Yupo mwingine aliyeumia bila kuulizwa. Hisa za kampuni zimegawanywa asilimia 60 kwa kaka, 20 kwa mpwa na 20 kwa dada yao aliyeko Tanga, ambaye hajawahi kuona hati hizo. Katika kila shilingi 2,000,000 iliyotoka, shilingi 400,000 ilikuwa sehemu yake, na ndoa iliyovunjika si yake. Mjomba analiona jambo hili kuwa zito kuliko kodi yenyewe, kwa sababu Mamlaka ya Mapato hulipwa ikanyamaza, ilhali dada akigundua mwenyewe, baada ya miaka, kwamba amekuwa akichangia matunzo ya mtalaka wa kaka yake, familia itakuwa na kesi ya pili.

Na jina la uongo halimsaidii hata yule anayelipwa. Kodi ya mapato ya Tanzania hutozwa juu ya mapato ya ajira, ya biashara na ya uwekezaji, na matunzo yanayotoka mkononi mwa aliyekuwa mume hayamo katika mojawapo ya mafungu hayo, kwa hiyo mpokeaji hana la kulipa. Fedha hizo hizo zikiitwa ada ya ushauri zinageuka kuwa mapato ya biashara: kampuni inapaswa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi 100,000 kila mwezi, na mama huyo anapaswa kuwasilisha ritani kama mshauri wa masoko, kazi ambayo hajawahi kuifanya. Amepewa haki yake kwa mkono mmoja, ikapunguzwa kwa mwingine, na hakuna aliyemweleza.

Jamaa yao aliyeko Texas amemwandikia kaka kwamba matunzo ya mtalaka hukatwa katika mapato kabla ya kodi. Alichosikia kilikuwa kweli huko Marekani kwa talaka na makubaliano yaliyofungwa hadi mwisho wa mwaka 2018: mlipaji alitoa matunzo katika mapato yake na mpokeaji akayalipia kodi. Sheria iliyopitishwa mwaka 2017 ilifuta mpango huo kwa talaka za kuanzia 2019. Kwa hiyo ushauri huo haufai Morogoro, na kwa talaka ya mwaka jana usingefaa hata Houston. Hata ulipofaa ulikuwa unafuu wa mtu binafsi juu ya mapato yake, na haukuwa ruhusa ya kampuni kulipa deni la mwenye hisa na kuliita gharama.

Sasa ni zamu ya njia za halali, ambazo zote zina umbo moja: fedha itoke kwenye kampuni ikiwa haki ya kaka, chini ya jina linalolingana na ukweli, iingie katika akaunti yake, na kutoka hapo amlipe mtalaka wake kama mtu anavyolipa deni lake. Hatua hiyo ya pili haina uhusiano wowote na vitabu vya kampuni, na mpwa hapaswi kuigusa.

Njia nyepesi kuliko zote tayari imo katika vitabu na inaelekea hakuna aliyeikumbuka. Kaka alipotoa shilingi 40,000,000 kununua mashine ya pili, fedha hizo ziliandikwa kuwa mkopo wa mkurugenzi, si mtaji wa hisa, na hazijarejeshwa hata senti. Kampuni inapomrejeshea mkopeshaji fedha yake ya asili hailipi mshahara wala gawio, kwa hiyo hakuna kodi ya kukata. Kwa upande wa pili, marejesho hayo si gharama, na faida ya kampuni haitapungua. Kwa shilingi 2,000,000 kwa mwezi, mkopo wote ungetosha miezi 20. Dada naye hana la kulalamikia, kwa kuwa deni la kampuni ni deni la kampuni, awe anadai kaka au benki.

Mkopo ukiisha, itabaki kuchagua kati ya mshahara na gawio, na hapa hesabu haiendi kama watu wengi wanavyodhani. Watu husikia asilimia 10 ya gawio na asilimia 30 ya mshahara wakakimbilia gawio, wakisahau kwamba gawio hutolewa katika faida ambayo tayari imetozwa asilimia 30, ilhali mshahara hutolewa kabla. Kaka analipwa sasa shilingi 1,500,000 kwa mwezi, na kwa kuwa sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 1,000,000 hutozwa asilimia 30 chini ya mpango wa lipa kadiri unavyopata, ili abakiwe na shilingi 2,000,000 zaidi ni lazima aongezewe shilingi 2,857,143. Kampuni ina wafanyakazi 14, na mwajiri mwenye kuanzia wafanyakazi 10 hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi ya asilimia 3.5, kwa hiyo inaongezeka shilingi 100,000. Kwa mwaka ni shilingi milioni 35.5 hivi, bila kuhesabu michango ya NSSF, ambayo angalau inabaki kuwa akiba ya uzeeni. Na yote hiyo ni gharama halali ya kampuni. Kwa gawio, ili kaka abakiwe na shilingi 24,000,000 baada ya zuio, atangaziwe shilingi 26,666,667, na kwa kuwa hizo ni asilimia 60 tu, gawio la wote liwe zaidi ya shilingi milioni 44, jambo linalohitaji faida ya zaidi ya shilingi milioni 63 kabla ya kodi. Kampuni haijawahi kuifikia faida hiyo.

Mshahara, hata hivyo, una sharti ambalo si la maandishi peke yake. Hauwezi kupandishwa karibu mara tatu kwa sababu mtu ameachana na mkewe. Upandishwe kwa sababu ya kazi, na uwe kiasi ambacho kampuni ingekubali kumlipa meneja asiye ndugu kwa kazi hiyo hiyo. Kaka ndiye anayenunua mahindi Kibaigwa na Kilosa, ndiye anayejadiliana na benki, na kwa miaka amelipwa pungufu ya dereva mzoefu wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo hoja ipo na inaweza kuandikwa bila aibu katika kumbukumbu za kikao cha bodi. Kama kazi hiyo haihimili nyongeza yote, basi iandikwe nusu, na kaka atafute nusu iliyobaki katika mali yake.

Mpwa ameuliza pia kama mtalaka hawezi kamwe kulipwa na kampuni. Anaweza, kama ana sababu yake mwenyewe ya kulipwa. Angekuwa anaendelea kusimamia duka la vifaa vya ujenzi kama alivyofanya zamani, mshahara wake ungekuwa gharama kama wa karani mwingine yeyote, ukikatwa kodi na michango kama kawaida. Lau jengo la duka lingekuwa limeangukia upande wake katika mgawanyo, kodi ya pango ingemwendea baada ya kukatwa zuio la asilimia 10. Talaka haimnyimi mtu haki ya kufanya biashara na ndugu wa aliyekuwa mumewe. Ila kila mwaka kampuni iwe tayari kuonyesha kwamba ingemlipa mgeni kiasi hicho hicho.

Ada za shule za watoto, bima yao ya afya, na gari lililobaki nyumbani kwa mama yao likiwa bado na kadi ya kampuni, vyote vifuate njia ile ile ya kupitia mfuko wa kaka. Shule kuandika jina la kampuni juu ya risiti hakuigeuzi ada kuwa gharama ya kusaga unga.

Jambo linalomtia mjomba hofu zaidi ni ghala. Imesemwa kwamba kaka, akitaka kuyamaliza yote kwa mara moja, anafikiria kumhamishia mtalaka wake ghala la kampuni badala ya matunzo ya miaka mingi, na kwamba mtu fulani amemwambia uhamisho wa mali kwa mtalaka hauna kodi. Maneno hayo ni nusu ya kweli. Sheria ya Kodi ya Mapato inatoa unafuu pale mtu binafsi anapomhamishia mwenzi au mtalaka wake mali kwa sababu ya talaka au makubaliano ya dhati ya kutengana, na mpokeaji akachagua kwa maandishi kwamba unafuu huo utumike: aliyehamisha huhesabiwa kuwa ameipata gharama yake tu, bila faida ya kutozwa, na mpokeaji huirithi gharama hiyo, ili kodi isubiri siku atakapoiuza. Kodi, kwa maneno mengine, imeahirishwa na kuhamia kwa mama huyo, naye anapaswa kulijua hilo kabla ya kutia saini. Lakini unafuu huo ni wa mtu binafsi, na ghala ni la kampuni. Kampuni ikilitoa, itahesabiwa kuwa imeliuza kwa bei ya soko, ingawa haikupokea shilingi. Itatozwa kodi juu ya tofauti ya bei hiyo na gharama ya kulijenga, ambayo baada ya miaka yote hii si ndogo. Na thamani yote inaweza kuonekana kuwa mgawanyo wa faida kwa kaka, zuio la asilimia 10 likafuata. Kodi hizo zote zitadaiwa kwa fedha taslimu, kwa muamala ambao haukuleta fedha yoyote.

Kaka ana kiwanja chake Kihonda, kimeandikwa jina lake, na hicho ndicho kinachostahili unafuu. Akitoa hicho, dada hapotezi kitu na kampuni haiguswi. Anaweza pia kumpa mtalaka baadhi ya hisa zake, nazo zinaingia katika unafuu huo huo, ila mjomba hashauri, kwa kuwa watu walioshindwa kukaa nyumba moja watajikuta wanakaa meza moja ya wanahisa kila mwaka.

Yaliyokwisha kulipwa ni ya miezi 8, shilingi 16,000,000. Kwa kuwa mwaka wa hesabu haujafungwa na ritani haijawasilishwa, jambo bado linarekebishika kwa amani: mhasibu aondoe kiasi chote kutoka katika gharama na akipeleke kupunguza mkopo wa mkurugenzi, kaka atie saini barua fupi ya kukiri kwamba ndivyo alivyopokea, na mpwa arekebishe makadirio ya kodi ya mwaka huu, kwa sababu faida imeongezeka kwa kiasi hicho na awamu iliyobaki lazima ionyeshe hivyo. Hati za zamani zisichanwe. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na hati iliyosahihishwa waziwazi humtetea mtu kuliko ile iliyopotea. Mkopo utabaki shilingi 24,000,000, ambazo ni miezi 12 zaidi, na huo ni muda wa kutosha kwa bodi kuamua juu ya mshahara bila haraka. Mshahara mpya utakapoanza, kodi iliyokatwa ifike serikalini ndani ya siku 7 baada ya kila mwezi kwisha.

Kaka akikasirika, mpwa amwonyeshe barua hii, akae kimya, na aliyeiandika atapigiwa simu yeye. Dada ajulishwe kabla ya Ijumaa, na mpwa mwenyewe ndiye amwambie, si karani. Mama wa watoto apelekewe salamu za mjomba na aelezwe kwamba fedha ya mwezi huu itatoka katika akaunti ya kaka badala ya ile ya kampuni, tarehe ile ile, kiasi kile kile.

Wasalaam,
Mjomba, Tanga